Siku 50 za Kwanza: Kuzuia Mwili Usiikatae Faktori

Hotuba kwa wauguzi, matabibu, wataalamu wa maabara na wazazi, Moshi, katika maadhimisho ya Siku ya Hemofilia Duniani

Ndugu mgeni rasmi, wauguzi na matabibu mliotoka Rombo, Same, Monduli na Karatu, ndugu zetu wa maabara, na ninyi akina mama na akina baba mliokuja na watoto wenu, shikamooni na karibuni sana.

Kila tarehe 17 Aprili husemwa mengi kuhusu hemofilia: damu isiyoganda, magoti yanayovimba, mtoto anayekosa masomo. Leo tunaomba tuyaache hayo. Tunataka kuzungumzia jambo linalotokea baada ya mtoto kugunduliwa kuwa na hemofilia, na faktori, yaani protini ya kugandisha damu inayompungukia, kupatikana. Anachomwa, anapata nafuu, wazazi wanashukuru. Halafu siku moja anachomwa dozi ileile, dawa ileile, na goti linaendelea kujaa. Dawa haijapita muda wake, dozi imepigiwa hesabu sawasawa. Tatizo ni kwamba mwili wa mtoto umeshatengeneza kingamwili zinazoidaka faktori na kuizima kabla haijafanya kazi. Kingamwili hizo ndizo inhibita.

Kwa wenye hemofilia A kali, yaani walio na faktori 8 chini ya asilimia 1, inhibita huwapata watoto wapatao 25 hadi 30 katika kila 100. Kwa hemofilia B, ambao wanapungukiwa faktori 9, ni wachache, hawafiki 10 katika 100, ila wao wana hatari yao ya pekee ambayo tutaifikia mwishoni. Wengi huipata mapema mno, ndani ya siku 20 za kwanza za kuchomwa faktori, na mtoto akishavuka siku 50 salama, hatari inashuka sana. Kwa hiyo tukisema kuzuia inhibita, hasa tunasema kuzilinda siku 50. Mkiondoka hapa na jambo moja tu, liwe hilo.

Kwanza tuelewane kwa nini mwili unafanya hivi. Mtu aliyezaliwa na faktori 8 yake, kinga ya mwili wake inaifahamu tangu akiwa tumboni. Mtoto mwenye hemofilia kali, hasa yule ambaye jeni yake imekatika au imepinduka kiasi kwamba haitoi kitu chochote, hajawahi kuwa nayo. Kinga yake ni askari wa geti aliyepewa orodha ya wakazi, na jina la faktori halimo. Mgeni huyo akija mchana, peke yake, kukiwa shwari, askari anaweza kumzoea. Akija na kundi kubwa usiku ambao kuna moto na makelele, filimbi itapulizwa. Moto na makelele ni upasuaji, jeraha kubwa, homa ya maambukizi. Kundi kubwa ni dozi nzito zinazofuatana siku tano, sita, saba.

Yapo tusiyoweza kuyabadili. Aina ya hitilafu kwenye jeni ndiyo yenye uzito kuliko yote. Karibu nusu ya wenye hemofilia A kali wana jeni iliyopinduka sehemu inayoitwa introni ya 22, na hao wamo katika kundi la hatari. Waliopoteza kipande kikubwa cha jeni wako hatarini zaidi. Tafiti zilizofanywa Marekani zimeonyesha pia kwamba wenye asili ya Afrika hupata inhibita kuliko Wazungu. Kupima jeni si jambo la kila hospitali, lakini kuna swali lisilohitaji mashine, nalo liulizwe siku ya kwanza: mama, upande wenu yuko kaka, mjomba au binamu aliyekuwa akichomwa faktori ikafika mahali ikawa haimsaidii? Jibu likiwa ndiyo, liandikwe kwa wino mwekundu juu ya jalada.

Sasa tuje kwenye yale yaliyo mikononi mwetu, na la kwanza ni kuhesabu.

Siku ya faktori ni siku yoyote ambayo mtoto ameingiziwa faktori. Akichomwa asubuhi na jioni ya siku moja, hiyo ni siku moja. Wengi wetu tunateleza hapa: tunahesabu vichupa vya faktori tu. Plazma, yaani maji ya damu, ina faktori. Krayo, ile inayotolewa kwenye plazma iliyogandishwa, ina faktori 8. Hata damu nzima ina kiasi. Mtoto aliyetokwa damu baada ya tohara, akaongezewa damu na plazma siku tatu mfululizo kabla hajajulikana ana nini, huyo hajaanza sifuri. Ameshatumia siku tatu, tena siku tatu mbaya, za jeraha. Kwa hiyo anapofika kliniki mara ya kwanza, muulizeni mama kuhusu kuongezewa damu, na kadi za zamani zitafutwe.

Kila mtoto awe na daftari lake, na daftari akae nalo mama, lisifungiwe kwenye jalada la hospitali. Ukurasa upigwe mistari: tarehe, uzito wa siku hiyo, kilichosababisha kuchomwa, jina la dawa, namba ya bechi, yuniti, saa ya kuchomwa, hali ilivyokuwa kesho yake, na mwisho kabisa safu nyembamba yenye namba: siku ya 1, ya 2, ya 3. Vichupa vingi vina lebo inayobanduka. Ibandueni muibandike daftarini. Faktori nyingi hapa kwetu ni ya msaada, hivyo mwezi huu inaweza kuja ya kampuni moja na mwezi ujao ya nyingine. Bila namba ya bechi hamtajua kamwe mtoto alikuwa anatumia nini inhibita ilipoanza.

La pili: msizitumie siku hizo kwa mambo yanayoepukika. Hapa tutakaa kidogo, maana ndipo siku nyingi za watoto wetu zinapopotelea.

Chukueni sindano ya msuli. Mtoto ana homa, anafikishwa zahanati, anadungwa diklofenaki ya paja au tako. Usiku paja limekuwa gumu, amevilia damu ndani ya msuli. Sasa anahitaji faktori siku kadhaa mfululizo, akiwa na homa juu yake, na huenda zikawa ndizo siku zake za 4 hadi ya 9. Sindano moja ambayo hata haikuhitajika imemletea yale mazingira tuliyosema kinga huyachukia. Homa ya mtoto mwenye hemofilia ni parasetamoli ya kunywa. Aspirini, diklofenaki na ibuprofeni asipewe. Artesunati ya malaria kali ipite kwenye mshipa, na seftriaksoni vivyo hivyo. Zahanati isiyoweza kuweka kanula impe rufaa.

Chanjo ni habari nyingine, tafadhali msichanganye. Chanjo zote atapata, kwa tarehe zake. Matone ya polio na rota hayana shida, ya surua na rubela inachomwa chini ya ngozi. Za pajani, kama pentavalenti na ile ya nimonia, tumieni sindano nyembamba, namba 25 hadi 27, kisha mama abane palepale kwa kidole dakika 10 kwa saa, bila kusugua. Ushauri wetu ni kwamba, pale inapowezekana, siku ya chanjo na siku ya faktori zisigongane katika hizo 50. Lakini takwimu zilizokusanywa kwa watoto wa Ulaya hazikuonyesha kwamba chanjo zinaleta inhibita, kwa hiyo asitokee mtu wa kuahirisha chanjo kwa hofu hiyo. Surua haitamngojea.

Tohara. Huku kwetu mtoto wa kiume atatahiriwa, hilo halina mjadala, na hatukuja kuwaambia wazee waache mila. Tunachoomba ni wakati na mahali. Mtoto anayejulikana ana hemofilia asitahiriwe kabla hajamaliza siku 50 na kupimwa akaonekana hana inhibita. Siku ikifika, iwe hospitali yenye faktori mkononi ya siku zote zinazohitajika, wala isiwe ya siku moja na ahadi ya kesho. Kwa upasuaji mdogo kama huu, faktori ipandishwe hadi asilimia 50 hadi 80 kabla ya kisu, kisha ishikiliwe kwenye 30 hadi 80 kwa siku 1 hadi 5 kwa kadiri kidonda kinavyokwenda, pamoja na asidi ya traneksamiki ya kunywa, dawa inayozuia damu iliyoganda isiyeyuke. Ndani ya wiki nne baada ya dozi ya mwisho, apimwe inhibita tena. Kwa wenzetu Wamasai, ambao jando lina rika lake na msimu wake, baba azungumze na wazee mapema, mwaka mzima kabla ikibidi. Tunajua mazungumzo hayo si mepesi. Lakini mzee aliyewahi kumwona kijana akitokwa damu siku ya nne baada ya kutahiriwa hahitaji kuelezwa mara mbili.

Kukata kimio, na kung'oa kile kinachoitwa meno ya plastiki kwenye ufizi wa mtoto mchanga: hapa hatuna la kupatana. Hayatibu kikohozi, hayatibu kuhara, na kwa mtoto wa hemofilia yanaweza kuua kabla hata hatujafika kwenye habari ya inhibita. Muuguzi wa kliniki ya watoto, mama akisema bibi ameona meno ya plastiki, usimcheke. Kaa naye umweleze.

Tukishasema haya yote, kuna kosa la upande wa pili, nalo tunaliogopa zaidi. Ni mzazi au tabibu anayesikia habari za inhibita akaanza kubania faktori. Kiungo kimejaa, anasubiri aone. Hapana. Damu ikitoka ndani ya kiungo, msuli, kichwa, tumbo au shingo, faktori ichomwe mara moja, ikiwezekana ndani ya saa 2. Kinachozilinda siku 50 ni kuepuka damu kutoka. Ikishatoka, kuichelewesha tiba kunaongeza uvimbe na moto mwilini, na mwishoni mtoto anachomwa siku sita badala ya mbili.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Kwa faktori 8, yuniti 1 kwa kilo hupandisha asilimia 2. Basi zidisha uzito kwa asilimia unayotaka kupandisha, gawa kwa 2. Mtoto wa kilo 12, unataka 40: 12 mara 40 ni 480, nusu yake 240. Chukua kichupa cha 250, ukimalize chote, usimwage yuniti 10. Kwa faktori 9, yuniti 1 kwa kilo hupandisha takriban asilimia 1 tu, kwa hiyo hakuna kugawa kwa 2: mtoto huyohuyo atahitaji 480, yaani kichupa cha 500. Tumeona karatasi za dozi zilizobandikwa ukutani zikiwa na hesabu moja kwa hemofilia zote mbili. Zibanduliwe. Hizo asilimia 40 ni za pale stoo inaporuhusu. Stoo ikiwa nyembamba, damu ya kawaida ya goti hupewa dozi ya kufikisha 10 hadi 20, lakini ya kichwa haipunguzwi kamwe.

Kuchanganya nako kuna namna. Toa kichupa na maji yake kwenye friji, viache vipoteze ubaridi, ingiza maji taratibu yakitiririka ubavuni mwa kichupa, kisha zungusha polepole kwa kiganja. Usikitikise, maana povu linaharibu protini. Chomeni kwa sindano ya kipepeo, polepole: kwa mtoto isizidi yuniti 100 kwa dakika, kwa hiyo kichupa cha 250 kitachukua dakika mbili na nusu au zaidi. Baada ya hapo kiungo kipumzishwe, kiwekewe barafu iliyofungwa kitambaa, kibanwe kwa bandeji, kiinuliwe. Mambo hayo manne hayachukui nafasi ya faktori, ila yanapunguza idadi ya dozi.

Damu ya mdomoni, ulimi au jino lililolegea, mara nyingi haihitaji faktori hata kidogo. Asidi ya traneksamiki, miligramu 25 kwa kilo, mara 3 hadi 4 kwa siku. Mtoto wa kilo 10 ni nusu ya kidonge cha 500, kilichosagwa kikayeyushwa kwenye maji kidogo. Akiwa anakojoa damu, dawa hii asipewe, kwa sababu damu itaganda na kuziba njia ya mkojo.

Dawa ipi ichaguliwe? Swali hili lilikuwa la ubishi kwa miaka mingi, hadi utafiti wa SIPPET ulipochapishwa mwaka 2016. Ulifanyika katika nchi 14, Afrika ikiwamo, kwa watoto wa chini ya miaka 6 ambao hawajawahi kuchomwa faktori 8 ya kichupa. Waliopewa faktori iliyotokana na plazma, ile inayokuja pamoja na protini ya von Willebrand inayoibeba faktori 8 kwenye damu, walipata inhibita kwa asilimia 26.8. Waliopewa ile ya kutengenezwa maabara, asilimia 44.5. Si tofauti ndogo. Kwa hiyo mkikuta zote mbili kwenye friji, na mbele yenu yuko mtoto ambaye hajamaliza siku zake 50, sisi tungemchomea ya plazma, na ya maabara tungempa kijana wa miaka 20 aliyezoea. Wazazi wengine huogopa neno plazma kwa sababu ya historia ya virusi vya UKIMWI miaka ya 1980. Faktori za vichupa za leo hupitishwa kwenye joto au kemikali zinazoua virusi hivyo. Plazma na krayo za kwenye mfuko hazipiti huko, na hiyo ni sababu nyingine ya kuzikwepa pale kichupa kinapopatikana. Na ikiwa iliyopo ni ya maabara tu, chomeni hiyo. Kichupa kilichopo ni bora kuliko kile kinachosubiriwa.

Kuna waliotuuliza kuhusu kuanza na dozi ndogo ya wiki kwa wiki mtoto akiwa mzima, ili kinga izoee pole pole. Wazo ni zuri na lina mantiki. Ujerumani walijaribu: kati ya watoto 26 alipata inhibita 1 tu, ilhali katika kundi la kulinganisha walikuwa 14 kati ya 30. Lakini utafiti mwingine uliokusudiwa kuthibitisha hilo haukupata matokeo hayo, ukasimamishwa mapema. Kwa hiyo tunasema hivi: kuchoma dozi ndogo za faktori kila wiki kuanze mapema kwa ajili ya kulinda viungo, hiyo faida ina uhakika. Mkimwahidi mama kwamba itazuia inhibita, mtakuwa mmevuka mpaka.

Kisha ipo emisizumabu. Hii si faktori. Ni kingamwili iliyotengenezwa kuziunganisha faktori 9 na 10, kazi ambayo faktori 8 ingeifanya, na inachomwa chini ya ngozi. Miligramu 3 kwa kilo kila wiki kwa wiki nne, kisha 1.5 kila wiki, au 3 kila wiki mbili, au 6 kila wiki nne. Kwa mtoto mchanga wa hemofilia A kali faida yake ni kwamba damu hutoka mara chache sana, hivyo siku za faktori 8 zinasogezwa mbele, hadi umri ambao mishipa inaonekana na mtoto haanguki kila saa. Inasogeza hatari, haiifuti. Mtoto wa emisizumabu akigongwa na bodaboda akiwa na miaka minane, bado yuko siku ya 1 ya faktori 8, tena siku mbaya. Kwa hiyo daftari lake liendelee kuwapo. Haitibu damu iliyokwisha kuanza kutoka, wala haifanyi kazi kwa hemofilia B. Inakaa kwenye friji nyuzi 2 hadi 8, ila kichupa kisichofunguliwa kinaweza kuwa nje, chini ya nyuzi 30, kwa jumla ya siku 7. Kwa familia ya Loliondo, siku hizo 7 ndizo zinazoifanya safari iwezekane.

Tahadhari moja kwa hospitali za wilaya: emisizumabu hufanya aPTT, kipimo cha muda wa damu kuganda, ionekane ya kawaida kabisa, hata miezi sita baada ya dozi ya mwisho. Tabibu anayemwona mtoto kwa mara ya kwanza ataangalia karatasi na kusema huyu hana hemofilia. Muulizeni mama dawa anazotumia kabla ya kuamini karatasi.

Tuje maabara. Mtoto mpya apimwe inhibita kila baada ya siku 5 za faktori hadi afike siku ya 20, kisha kila baada ya siku 10 hadi ya 50, kisha angalau mara mbili kwa mwaka hadi ya 150. Nje ya ratiba hiyo, apimwe wakati wowote dozi isipofanya kazi kama ilivyozoeleka, akichomwa zaidi ya siku 5 mfululizo, na kabla ya upasuaji wowote. Mnaona sasa kwa nini daftari lina safu ya namba.

Sampuli nyingi zinaharibikia njiani. Damu ichukuliwe wakati faktori imekwisha mwilini, yaani kabla ya dozi inayofuata na si saa moja baada yake, la sivyo faktori iliyobaki itaficha inhibita ndogo. Kichupa ni cha kifuniko cha bluu chenye sitrati, dawa inayozuia damu isigande, na kijae hadi kwenye alama, sehemu 9 za damu kwa 1 ya sitrati. Kikipungua, muda wa kuganda utaonekana mrefu bure. Kanula iliyosafishwa kwa heparini, ambayo nayo huzuia damu kuganda, isitumike, kwani heparini itaiga inhibita. Kisha msikiweke kwenye barafu! Mkono unajiendea tu wenyewe kwenye kisanduku cha baridi. Damu ya kupima faktori 8 isafiri kwenye joto la kawaida na ifanyiwe kazi ndani ya saa 4, maana baridi hupunguza faktori 8 iliyomo. Kama saa 4 hazitoshi kufika KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, zungusheni kwenye sentrifuji hapohapo, kwa nguvu ya mzunguko ya 1,700 g kwa dakika zisizopungua 10, mtenge plazma, muigandishe, ndipo isafiri ikiwa imeganda.

Kipimo cha kuanzia kinawezekana popote penye aPTT. Changanya plazma ya mgonjwa na ya mtu mzima wa afya, nusu kwa nusu. Pima papo hapo, kisha weka mchanganyiko kwenye nyuzi 37 kwa saa 2, upime tena. Ikirekebika na ikabaki hivyo, ni upungufu tu. Ikirekebika mwanzoni halafu ikarefuka baada ya saa 2, shuku inhibita ya faktori 8, kwa sababu inafanya kazi polepole. Anayesoma mara moja tu na kufunga daftari ataikosa. Baada ya hapo ndipo kipimo cha Bethesda kinasema kiasi: yuniti 1 ya Bethesda ni ile inayoua nusu ya faktori 8 katika saa hizo 2. Kuanzia 0.6 tunaiita chanya kwa faktori 8, na 0.3 kwa faktori 9. Kwa mtoto wa emisizumabu, Bethesda ya kawaida haifai. Inatakiwa ile inayosomwa kwa rangi, inayotumia vitendanishi vyenye faktori za ng'ombe.

Kabla ya kumtangazia mzazi kuwa mtoto ana inhibita, kiangalieni pia kichupa. Umeme ulikatika siku ngapi? Poda imeganda? Faktori iliyokaa kwenye joto haifanyi kazi, na lawama inaangukia kinga ya mtoto. Njia ya kutofautisha ni kupima faktori kabla ya dozi na dakika 15 hadi 30 baada yake, kwa kichupa ambacho mna hakika nacho. Yule wa kilo 12 aliyechomwa 250 alitarajiwa kupanda kama asilimia 41. Akipanda chini ya theluthi mbili ya hiyo, yaani chini ya 27 hivi, basi kuna kitu kinaila.

Ikithibitika, rudieni kipimo baada ya wiki 2 hadi 4, kwani zile ndogo nyingine hutoweka zenyewe. Chini ya yuniti 5, dozi kubwa ya faktori inaweza kuishinda. Kuanzia 5 na kuendelea, faktori 8 haina maana tena kwa damu inayotoka: inatakiwa faktori 7 iliyoamilishwa, inayogandisha damu bila kupitia faktori 8, mikrogramu 90 kwa kilo kila saa 2 hadi 3. Mchanganyiko wa faktori ulioamilishwa, aPCC, nao hutumika, lakini mgonjwa wa emisizumabu akipewa zaidi ya yuniti 100 kwa kilo kwa siku, kwa zaidi ya siku moja, damu inaweza kuganda ndani ya mishipa midogo. Tiba ya kuifundisha kinga upya kwa faktori ya kila siku ipo, inafaulu kwa wengi, na inakula faktori ambayo stoo ya msaada haiwezi kuibeba kirahisi. Ndiyo maana tunahangaika na kuzuia.

Neno fupi kwa watu wazima wenye hemofilia A nyepesi. Wao wanadhani haya hayawahusu. Mtu ameishi miaka 50 akichomwa mara mbili tu, anafanyiwa upasuaji wa ngiri, anachomwa faktori siku nane mfululizo, na wiki chache baadaye ana michubuko mikubwa bila kugongwa. Inhibita imetokea, na imeizima hata faktori yake mwenyewe, sasa hemofilia yake imekuwa kali. Kwa hawa, desmopresini, dawa inayopandisha faktori 8 ya mtu mwenyewe, mikrogramu 0.3 kwa kilo, ijaribiwe siku ya kawaida kabla ya upasuaji. Ikimpandisha vya kutosha, kwa shughuli ndogo haitahitajika faktori. Akihitaji faktori kwa siku nyingi, apimwe inhibita ndani ya wiki nne.

Wa hemofilia B tumewaacha mwisho kwa makusudi, ili msiwasahau mkitoka. Inhibita kwao ni chache, lakini karibu nusu ya wanaoipata mwili hulipuka kwa mzio mkali, na mara nyingine mzio ndio unaotangulia kutoa habari. Kwa sababu hiyo dozi 10 hadi 20 za kwanza za faktori 9 zichomwe hospitali, zisichomwe nyumbani wala zahanati. Adrenalini iwe imeshatolewa kabatini na dozi imeandikwa kwenye plasta juu ya bomba: mililita 0.01 kwa kilo ya ile ya 1 kwa 1,000, kwa hiyo mtoto wa kilo 12 ni 0.12. Mtoto akianza kuvimba midomo, kukohoa, kutoka vipele au kulegea, simamisha faktori, choma adrenalini kwenye msuli wa paja. Ndiyo, msuli. Hapa ile marufuku yetu haifanyi kazi, mtabana paja baadaye. Asirudishiwe faktori 9 kwa kujaribu, wala asipewe aPCC, kwa sababu ina faktori 9 ndani yake. Damu yake itatibiwa kwa faktori 7 iliyoamilishwa, na atapimwa inhibita haraka. Mtoto aliyemaliza dozi 20 bila shida yoyote, huyo ndiye tunayeweza kumruhusu achomwe kituo cha karibu na kwao, na kabla ya hapo tutaomba kuliona daftari.

Asanteni. Tuanze na maswali ya wazazi, wenzetu wa hospitali watasubiri kidogo.